Safari ya Kuwinda Milimani Huanza Mezani

Mtu asimamaye Mbugangari alfajiri, kabla moshi wa majiko haujatanda juu ya mabati ya Gisenyi, huiona milima ikiwa karibu kuliko wakati mwingine wowote wa siku. Kaskazini uko Nyiragongo, wenye kimo cha mita 3,470, ambao ulimwaga moto wake mwaka 2002 na tena mwezi Mei 2021. Kaskazini mashariki zipo Mikeno na Karisimbi, na huyu wa pili, mwenye mita 4,507, siku nyingine huamka na weupe kileleni. Wakazi wa mtaa huo, ulio jirani kabisa na mpaka wa Kongo, wameizoea milima hiyo kama mtu azoeavyo ukuta wa nyumba yake. Lakini kwa mtu aliyepata kushika bunduki kwa kazi ya taifa, milima hiyo huzusha swali: huko juu kuna mnyama gani, na je, mtu aweza kwenda kumwinda wakati wa likizo?

Swali hilo si la upuuzi. Katika nchi kadhaa za dunia wapo watu wapandao milima pamoja na kiongozi ili kuwinda mbuzi mwitu na jamaa zake, nao hufanya hivyo kwa kibali na kwa faida ya vijiji. Hata hivyo, safari ya namna hiyo ina mambo ambayo yasipopangwa mezani hayawezi tena kupangwa mlimani. La kwanza kati ya hayo halihusu bunduki wala viatu.

SHAURI LA NYUMBA MOJA

Na uchukuliwe mfano wa nyumba moja ya askari. Baba ni sajini aliyebakiza muda mfupi kustaafu. Mama huuza vitenge sokoni. Kijana wao wa kwanza ni polisi, na wadogo zake wawili wangali shuleni. Sajini amesikia kwa mwenzake aliyewahi kusoma Tanzania kwamba huko yuko mnyama aitwaye mbuzi mawe, ambaye hukaa juu ya majabali na kuwindwa kwa kibali. Jioni moja, baada ya chakula, atoa daftari na kalamu, aanza kuandika: nauli, viatu, posho ya kiongozi, siku ngapi.

Mdogo wake, aliyekuja kumtembelea, achungulia hesabu hiyo na kucheka.

"Kaka, gharama zote hizo za nini? Yuko mtu mmoja wa kule chini ya Karisimbi aijuaye njia ya msituni. Kwa usiku mmoja tu atakutegea waya, na asubuhi umeshuka na pongo wako. Wala risasi haihitajiki."

Mama, aliyekuwa akichambua maharage ya kesho, auliza neno moja tu: "Shemeji, na huyo pongo ni wa nani?"

Swali la mama huyo ndilo linalopaswa kuandikwa kwenye mstari wa kwanza wa daftari la kila mtu atakaye kuwinda. Kila hatua nyingine hufuata jibu lake.

MNYAMA NI WA NANI?

Katika milima ya Virunga hakuna mbuzi mwitu halisi. Wanyama wa jamii ya swala wapatikanao huko ni hasa funo wa milimani mwenye paji jeusi, ambaye Wanyarwanda humwita ifumberi, na pongo, ambaye kwa Kinyarwanda ni impongo. Wote wawili hukaa ndani ya hifadhi. Mwaka 1925 utawala wa Wabelgiji ulianzisha huko Hifadhi ya Taifa ya Albert, iliyokuwa ya kwanza katika Afrika yote, na baada ya uhuru eneo hilo likagawanyika: upande wa Kongo ukaitwa Virunga, na upande wa Rwanda ukaitwa Hifadhi ya Taifa ya Volkano. Miaka ya 1960 sehemu kubwa ya msitu wa Rwanda ilikatwa ili kupanda pareto, na hifadhi iliyosalia haifiki kilomita za mraba 200. Eneo hilo dogo, linalogusa hata wilaya ya Rubavu yenyewe, ndilo makao yote waliyobakiza wanyama hao upande huu wa mpaka.

Ndani ya hifadhi hiyo hakuna kibali cha kuwinda kiuzwacho kwa mtu yeyote, awe raia, mgeni, askari au mkubwa wa askari. Sheria ya nchi huwalinda wanyama hao na kumpeleka mahakamani amuuaye, amtegaye, auzaye nyama yake na ainunuaye. Basi jibu la swali la mama ni hili: pongo wa Karisimbi ni mali ya taifa zima, na taifa limekwisha kusema kwamba hauzwi.

Kwa askari na polisi liko jambo la ziada. Bunduki aliyokabidhiwa ni ya serikali, na kila risasi ina hesabu yake. Atakayeipeleka msituni kwa ajili ya kitoweo atakuwa amevunja sheria ya wanyama na amri ya jeshi kwa mkupuo mmoja, na kazi ya miaka 20 yaweza kupotea kwa mlo wa siku moja.

WAYA HAUCHAGUI

Yule mdogo wa sajini alisema kwamba mtego wa waya hauhitaji risasi. Alisema kweli, na ubaya wake uko hapo hapo. Mwindaji mwenye kibali humtazama mnyama, akamtambua, akaamua. Waya hauna macho. Mtegaji hupinda tawi au mwanzi, akafunga kitanzi, akakifunika kwa majani, kisha akaenda zake. Chochote kitakachokanyaga hapo hunaswa, awe funo, pongo, au gorila ambaye hakuna mtu aliyemkusudia.

Habari za gorila wa milima hiyo zimejaa vitanzi vya namna hii. Bi Dian Fossey, mtafiti wa Kimarekani aliyefungua kituo cha Karisoke mwaka 1967 kati ya Karisimbi na Bisoke, alitumia miaka mingi kung'oa mitego iliyokuwa imetegewa swala. Tarehe 31 Desemba 1977 wawindaji waliokuwa na mikuki na mbwa walimwua gorila dume aliyeitwa Digit, mmoja wa wale aliowapenda mno. Bi Fossey mwenyewe aliuawa kambini kwake mwezi Desemba 1985.

Mwaka 2012 lilionekana jambo ambalo hata watafiti wazoefu hawakulitarajia. Gorila mchanga aitwaye Ngwino alikuwa amekufa kwa majeraha ya kitanzi. Siku chache baadaye, mfuatiliaji wa wanyama alipoukaribia mtego mwingine ili autegue, dume mkubwa wa kundi alimkoromea akae mbali. Hapo hapo wakatoka gorila wawili wadogo, Rwema na Dukore, wenye umri wa miaka kama minne. Mmoja akalirukia tawi lililopindwa akalivunja, na mwenziwe akakifungua kitanzi. Kisha wakaenda kwenye mtego wa pili wakafanya vivyo hivyo. Watoto wa mnyama walikuwa wamekwisha kujifunza kwamba waya ni adui.

Upande wa Kongo gharama imekuwa pia ya damu ya binadamu. Tangu hifadhi ile ilipoanzishwa, zaidi ya walinzi 200 wamepoteza maisha yao kazini. Tarehe 24 Aprili 2020 pekee watu 17 waliuawa katika shambulio moja, na 12 kati yao walikuwa walinzi wa hifadhi. Walikuwa watu wa sare, wenye wake na watoto wanaongojea mshahara wa mwisho wa mwezi, sawa na wale wa kambi za Gisenyi. Anunuaye nyama ya mtego huwatia nguvu watu ambao walinzi hao hupambana nao.

Yule kijana polisi, aliyekuwa amenyamaza muda wote, hatimaye amgeukia baba yake mdogo. "Baba mdogo, nakuheshimu. Lakini nikikukuta njiani na waya huo, nitalazimika kukushika, nawe utanitia aibu mimi na baba." Mdogo wa sajini hacheki tena.

MBUZI MAWE NI MNYAMA GANI?

Daftari basi larudi kwenye ukurasa wa kwanza. Mbuzi mawe huitwa mbuzi kwa sababu ya mahali akaapo na namna apandavyo, lakini kwa nasaba yeye ni swala mdogo. Kimo chake begani ni kama sentimeta 50 hadi 60, na uzito wake mara nyingi haufiki kilo 18. Husimama juu ya ncha kabisa za kwato zake, ambazo ni duara na ngumu, na kwa sababu hiyo aweza kutulia mahali padogo juu ya jabali ambapo mbuzi wa nyumbani angeteleza. Manyoya yake ni magumu na yana uwazi ndani; zamani yaliwahi kutumiwa kujazia matandiko ya farasi.

Dume na jike hukaa pamoja miaka mingi, na aghalabu mmoja hula huku mwenziwe akilinda juu ya jiwe. Wakiona hatari hupiga mbinja kwa kupokezana. Mipaka ya makazi yao huitia alama kwa ute mweusi unaotoka karibu na macho, ambao huachwa kwenye ncha za vijiti kama tone la lami. Hula asubuhi na mapema, na tena jioni.

Hayo yote yana maana kwa mwindaji. Kwanza, katika sehemu nyingi za Afrika wenye pembe ni madume peke yao, lakini katika Afrika Mashariki majike wengi nao huwa na pembe. Mgeni aonaye pembe akadhani ni dume, kumbe amelenga jike mwenye mtoto aliyejificha kati ya mawe. Pili, kwa kuwa huishi wawili wawili, kumwua mmoja ni kuivunja nyumba. Tatu, wakiwa juu ya jabali, risasi iliyokosa huenda mbali mno, na huko iendako huenda wako watu. Mnyama huyu mdogo humtaka mwindaji aliyetulia kuliko amtakavyo nyati.

Wanyama hao wapo hata Rwanda, katika vilima vya Hifadhi ya Akagera, lakini humo nao huangaliwa tu. Zamani kando ya Akagera lilikuwako eneo la uwindaji la Mutara. Baada ya mwaka 1994 ardhi hiyo ilipewa watu waliorudi kutoka ukimbizini, na uwindaji wake ukaisha.

MAHALI PANAPORUHUSIWA

Mtu wa Mbugangari anayetaka kuwinda kihalali hana budi kuvuka mpaka, na si kila mpaka utamfaa. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa kitalii mwaka 1977. Uganda ilifunga mwaka 1979, ikaanza tena kwa majaribio mwaka 2001 karibu na Ziwa Mburo. Tanzania ilisimamisha uwindaji mwaka 1973, ikaufungua mwaka 1978, na mpaka sasa ina vitalu vya uwindaji vinavyosimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Namba 5 ya mwaka 2009. Mbuzi mawe ni miongoni mwa wanyama wanaoweza kuwindwa huko kwa kibali. Swala mwingine wa milimani, aitwaye minde, haguswi, kwa kuwa hapatikani nchi nyingine yoyote na amebaki mchache.

Mbuzi mwitu wenyewe, wale wa nasaba ya kweli, wako mbali zaidi, na wengi wao hawaruhusiwi. Walia wa Ethiopia hapatikani popote duniani isipokuwa katika milima ya Simien, naye hulindwa. Huko Oman, ambako wako watu wengi wasemao Kiswahili, tahri wa Kiarabu hupanda magenge ya milima ya Hajar, na kumwinda ni kosa.

Pakistan imetoa funzo la kufikiriwa. Huko yuko markhori, mbuzi mkubwa mwenye pembe zilizosokotwa kama parafujo, ambaye katika miaka ya 1980 alikaribia kutoweka mahali pengi. Wazee wa sehemu za milimani walikubali kuwazuia vijana wao wasiwinde ovyo, na badala yake vikatolewa vibali vichache mno kwa wageni, kwa ada kubwa. Asilimia 80 ya ada hiyo hupewa vijiji vyenyewe, vikajenga shule na zahanati na kuwalipa walinzi. Wanyama wakaongezeka, na mwaka 2015 markhori aliondolewa katika daraja la wanyama walio hatarini kutoweka. Uwindaji ule ulifaa kwa sababu wanyama huhesabiwa kabla ya kupigwa, na mwenye mlima hulipwa kabla ya mwenye bunduki kufurahi. Mahali pasipo na hesabu na pasipo na malipo kwa kijiji, neno uwindaji huwa jina jingine la wizi.

KIONGOZI WA KWELI NA WA UWONGO

Katika safari ya milimani kiongozi ni nusu ya safari. Nchini Tanzania mgeni hawindi peke yake. Huenda na kampuni yenye kitalu, akaongozwa na mwindaji bingwa mwenye leseni, na huandamana na askari wa wanyamapori ambaye kazi yake ni kuona kwamba sheria inafuatwa. Kwa hiyo, kabla ya kutoa hata senti moja, sajini wa mfano huu ana maswali ya kuuliza:

Kampuni ina kitalu gani, na je, mgao wa mwaka huu una mbuzi mawe aliyebaki? Kuwapo kwa mnyama porini si sawa na kuwapo kwake katika mgao.

Mwindaji bingwa ana leseni ya mwaka huu, na amewahi kuongoza safari za majabali? Mtu hodari katika nyika huenda asiwe hodari katika magenge.

Ada zipi zimo katika bei, na zipi ziko nje? Gharama huhesabiwa kwa dola na kwa siku, tena kuna ada ya kibali, ada ya mnyama na ada za hifadhi. Mnyama akijeruhiwa akapotea, kwa kawaida huhesabiwa kuwa amewindwa.

Bunduki itatoka wapi? Yafaa kuuliza kama kampuni huazima, kwa maana kuvusha silaha kwataka vibali vya nchi zote mbili kabla ya kufika mpakani. Silaha ya kazi haivushwi kabisa.

Sheria hukataza kuwinda usiku, kupiga mnyama kutoka ndani ya gari, na kumpiga mtoto au jike mwenye mimba. Mtu ajitiaye kiongozi akisema, "Tutaondoka saa nane usiku, msiwashe taa," amekwisha kujieleza mwenyewe. Huyo humwongoza mgeni gerezani.

DAFTARI LA MATAYARISHO

Mambo ya mwili yaanze miezi mitatu kabla. Hata askari aliyezoea gwaride hupoteza pumzi akikaa ofisini. Kupanda vilima vya Rubavu mara tatu kwa juma, akiwa na mzigo mgongoni, kwafaa kuliko kukimbia barabarani, maana kinachoumiza mlimani ni magoti wakati wa kushuka. Viatu vivaliwe mpaka vizoee mguu. Kiatu kipya ni adui wa siku ya pili.

Msimu mzuri ni wa kiangazi, majani yakiwa mafupi na mawe makavu. Maji yabebwe ya kutosha, kwa kuwa juu ya majabali hakuna chemchemi. Mkobani ziwemo bendeji, dawa ya kuua vijidudu, chumvi ya kurudisha maji mwilini, tochi, kofia na sweta. Darubini ni ya lazima kuliko bunduki, kwa maana siku nzima yaweza kupita kwa kutazama tu.

Mama naye ana ukurasa wake katika daftari. Fedha ya safari isitoke katika karo ya watoto wala katika akiba ya ugonjwa. Nakala ya vibali, jina la kampuni na siku ya kurudi viachwe nyumbani. Ruhusa ya mkuu wa kazi iwe ya maandishi, kwa kuwa askari avukaye mpaka bila ruhusa hujitafutia kesi kabla ya kumwona mnyama.

NYAMA NA JIKO

Huenda mtu akasema kwamba yeye haendi kuwinda popote, bali hununua tu kipande cha nyama ya porini kikiletwa mlangoni jioni. Kwa mama wa nyumbani jambo hili lahitaji uangalifu mkubwa. Nyama iliyopita kichochoroni haikukaguliwa na daktari wa mifugo. Tena watu wa Gisenyi hawajasahau mwezi Julai 2019, mgonjwa wa kwanza wa Ebola alipogundulika Goma, mwendo mfupi kutoka majumbani mwao. Mlipuko ule wa mashariki mwa Kongo, ulioanza mwaka 2018 na kwisha mwaka 2020, uliua watu zaidi ya 2,200. Wataalamu wameonyesha kwamba ugonjwa huo waweza kumwingia mtu ashikapo mzoga wa mnyama wa msituni. Katika milipuko ya Gabon na Kongo Brazzaville mwanzoni mwa miaka ya 2000, funo walikuwa miongoni mwa wanyama waliohusika.

Mbuzi wa zizini hana shaka hiyo. Akinunuliwa sokoni na kupita kwa mkaguzi, nyama yake ikikatwa vipande, ikalowekwa kwa kitunguu, chumvi na ndimu, kisha ikachomwa kwenye vijiti juu ya makaa na kuliwa pamoja na ndizi za kuchoma, hakuna mtu wa Rwanda atakayeuliza pongo yuko wapi.

SAFARI ILIYO KARIBU

Baada ya jioni tatu za hesabu, sajini aona kwamba safari ya Tanzania haitawezekana mwaka huu, labda baada ya kustaafu. Haoni aibu kuahirisha. Lakini likizo ipo, na milima ipo. Mama apendekeza wapande Bisoke.

Mlima huo, wenye kimo cha mita 3,711 na ziwa juu kileleni, hupandwa na kushukwa kwa siku moja. Kibali hutolewa na Bodi ya Maendeleo ya Rwanda, na wageni hukusanyika asubuhi huko Kinigi, wilaya ya Musanze. Hakuna apandaye bila kiongozi, na kwa sababu ya nyati, wapandaji husindikizwa na wenye silaha. Sajini atapanda mara hii nyuma ya askari wenziwe, bila bunduki yake. Yatakiwa koti la mvua, glavu kwa ajili ya upupu, soksi ndefu na chakula chepesi. Mwenye kuumwa kichwa sana au kutapika akiwa juu asilazimishwe kuendelea, bali ashuke, kwa maana hewa ya huko ni nyepesi.

Fedha ya kibali hicho haipotei. Tangu mwaka 2005 sehemu ya mapato ya hifadhi hugawiwa wananchi wa jirani. Ilianza kuwa asilimia 5, na mwaka 2017 ikaongezwa kuwa asilimia 10. Zimejengwa shule, zahanati na matangi ya maji. Karibu na Kinigi kiko kijiji cha utamaduni kilichoanzishwa na Edwin Sabuhoro, aliyekuwa mhifadhi katika hifadhi hiyo, kwa nia ya kuwapatia wawindaji haramu wa zamani njia nyingine ya kuishi. Wengine wa aina hiyo wamekuwa wachukuzi wa mizigo ya wageni. Ujuzi wa kufuata nyayo, ambao zamani uliwapeleka jela, sasa huwalipa. Matunda yake yameonekana: gorila wa Virunga, waliohesabiwa kuwa kama 250 mwaka 1981, walifika 604 katika hesabu iliyofanywa mwaka 2015 na 2016.

Sajini aandika jina la mdogo wake kwenye orodha ya watakaopanda. Mdogo huyo ashangaa. "Na mimi pia, kaka?"

"Nawe pia. Si ulisema unamjua mtu aijuaye njia ya msituni? Mwambie aende Kinigi akaulize kazi ya uchukuzi. Huenda akatubebea mizigo."

Siku watakapopanda, ikiwa bahati itakuwa yao, funo atachomoza kati ya miti ya hagenia, atawatazama kwa nukta chache, kisha atatoweka. Hapatakuwa na mshindo wala damu, na watoto watakuwa na la kusimulia shuleni. Na huyo funo atakuwapo kesho yake, kwa ajili ya familia nyingine itakayopanda kwa kibali, na kwa ajili ya mtoto wa Mbugangari ambaye bado hajazaliwa.